Hati ya Miaka 33

Watu wengi hudhani kustaafu ni tarehe. Tarehe hiyo huandikwa kwenye barua, hutanguliwa na hotuba mbili tatu na soda, mtumishi hukabidhiwa baiskeli au bando la mabati, na kesho yake huamka akiwa mstaafu. Kwa uzoefu wangu, tarehe ni jambo dogo kabisa katika shughuli nzima. Mimi nilistaafu mwaka 2011 nikiwa na umri wa miaka 60, baada ya kushika chaki kwa miaka 39, na miaka 17 ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Hata hivyo nilianza kustaafu mwaka 1994, na leo nina miaka 74 na bado sina hakika kama nimemaliza.

Lugha yetu inayo maneno mawili kwa jambo hili, na hayafanani kama yanavyodhaniwa. Kustaafu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuomba kuachiliwa. Anayestaafu ni mtu aliyekwenda kwa mkubwa wake kuomba atuliwe mzigo. Kung'atuka ni neno la Wazanaki wa mkoa wa Mara, na aliyelileta katika Kiswahili ni Mwalimu Julius Nyerere. Kwa Wazanaki lilihusu rika la wazee linapoachia madaraka ili rika linalofuata liyashike. Hapo hakuna anayeomba kitu. Mzee ndiye anayetoa, na kijana anayepokea huwa amekwisha kuandaliwa siku nyingi.

Tazama jinsi Mwalimu mwenyewe alivyolitumia neno lake. Tarehe 5 Novemba 1985, akiwa na umri wa miaka 63, alimwachia urais Mzee Ali Hassan Mwinyi. Uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi hakuuachia siku hiyo. Aliendelea nao hadi mwaka 1990. Wapo waliosema kwamba alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono mmoja, na wapo waliosema kwamba nchi ingeyumba kama angeondoka ghafla. Ugomvi huo siuingilii. Mimi nauona kama mtu aliyewahi kukabidhi funguo za shule: mzee yule alijipa miaka mitano ya kutoka mlangoni. Na alipokwisha kutoka, akawa analima Butiama, bado aliitwa. Aliongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, na miaka yake ya mwisho alikuwa msuluhishi wa Warundi, kazi aliyoiacha alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kumbe hata uzee una vidato vyake, na kila kidato kina mtihani wa kuingilia.

Katika kujiandaa na vidato hivyo, mtihani ulionisumbua kuliko yote ulikuwa wa subira. Nilikuwa nimeifundisha miaka mingi. Niliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kwamba subira yavuta heri na mstahimilivu hula mbivu, watoto wakanakili, nami nikatia vyema. Siku moja kijana wa darasa la sita aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, subira ya mpaka lini?" Darasa lilicheka, nami nilimjibu kwamba mpaka heri ije. Lilikuwa jibu la kufaulia mtihani. Nimekaa na swali lake kwa zaidi ya miaka 40, na kama nina chochote cha kumwambia leo, nimekipata kutoka katika historia ya mkoa huu wa Dodoma, ambao nadhani umengoja kuliko mikoa mingine yote.

Kwanza ni mvua. Ugogo tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka wa kawaida mvua yenyewe haifiki milimita 600. Miezi saba iliyobaki ni jua na vumbi. Mgeni akipita wakati huo huona watu wamekaa chini ya mbuyu akasema hawa wanangoja mvua. Hakuna aliyekuwa akingoja tu. Wazee wetu katika kiangazi walifyeka, walikandika upya paa za tembe, walichota maji kwenye visima vya mchangani, na juu ya yote walilinda mbegu. Bibi yangu mzaa baba alipitia njaa ya Mtunya akiwa mama wa watoto wadogo. Njaa hiyo ya kati ya mwaka 1917 na 1920 haikuletwa na ukame peke yake. Ilikuja na Vita Kuu ya Kwanza: majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka na yalichukua wanaume wawe wapagazi, kisha mvua nazo zikagoma. Watu walikufa wengi sana; wengine walihama, wengine wakaweka watoto wao kwa watu wenye chakula. Bibi alikuwa na kibuyu cha mbegu za uwele alichokifunika kwa udongo na kukificha, na alisema kilichomtesa hakikuwa njaa yenyewe. Kilichomtesa ni kulala njaa na kile kibuyu ndani ya nyumba hiyo hiyo, akijua kilipo.

Naona kwamba hapo ndipo tofauti ya kungoja na kusubiri inapoanza, ingawa kamusi huyaweka maneno hayo pamoja. Anayengoja hana kitu mkononi. Anayesubiri anacho, na anajizuia.

Somo la pili nililikuta Kondoa. Nilimaliza Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwishoni mwa 1971, na Januari 1972 nikapangiwa shule moja kwenye vilima vya Warangi. Nchi ile ilikuwa imechunwa ngozi. Nisiseme sana, kwa sababu asiyeiona haamini: makorongo yenye kina cha kumeza nyumba, udongo mwekundu mtupu, na mito ambayo ilikuwa mchanga mwaka mzima isipokuwa siku tatu nne ilipofurika na kuchukua mashamba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, kwa msaada wa Sweden. Yalikuja matrekta, yakachimba matuta ya kukinga maji, ilipandwa miti. Sisi walimu tulitoka na watoto kupanda miche. Mvua iliposhuka, ng'ombe na mbuzi wakala miche, na sehemu nyingine matuta yakabomoka. Hiyo iliendelea kwa miaka sita.

Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi ambao hakuna aliyeutarajia. Mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Siyo ipunguzwe, iondoke. Na baada ya kuondoka, kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kuiacha ardhi bila kuiguza.

Nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukipanda kilimani kuangalia. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Msimu uliofuata majani yakaonekana kwenye kingo za makorongo, membamba kama nywele za mtoto. Baada ya misimu michache vichaka vilirudi vyenyewe, vya aina ambazo hakuna aliyevipanda; mbegu zilikuwa ardhini siku zote. Wageni walianza kuletwa kutoka nchi za nje kuja kushangaa. Walipigwa picha na majani.

Ila mimi niliishi na watu waliotoa ng'ombe. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja aliwapeleka wake kwa shemeji yake mbali, nje ya eneo, na akawa anatembea siku mbili kwenda kuwaona. Watoto waliozoea maziwa waliyakosa. Samadi ilikosekana mashambani. Waliokamatwa na mbuzi ndani ya eneo walitozwa faini. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache bandani, wakikatiwa majani, lakini hilo lilichukua miaka. Kilima kile kilipona, nami nilifurahi na ningali nafurahi. Hata hivyo mtu akinisifia subira ya Kondoa, huwa namwuliza subira hiyo ililipwa na nani. Waliotoa amri walikuwa wanakunywa chai ya maziwa.

Sasa nije mjini. Mwaka huo huo wa 1973, TANU, baada ya kuyauliza matawi yake nchi nzima, iliamua kwamba makao makuu ya serikali yahame Dar es Salaam yaje Dodoma. Iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu hapa aliiita kwa herufi zake za Kiingereza, CDA, na Sir George Kahama akapewa kuiongoza. Mwaka 1976 mpango wa mji mpya ukakamilika, umechorwa na kampuni ya wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Ilisemwa kwamba kuhama kutachukua miaka 10.

Msomaji wa makamo anajua kilichofuata. Bei ya mafuta ilipanda duniani, ukame ukatulazimisha kununua nafaka nje, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 tukaingia vitani na Idi Amin hadi 1979. Baada ya vita zikaja foleni za sukari na sabuni. Fedha za kuhamisha wizara hazikuwapo, na ukweli ni kwamba hamu ya kuhama nayo haikuwapo kwa wengi waliotakiwa kuhama. Dar es Salaam ina bahari. Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa mji mkuu wa kwenye vitabu vya jiografia. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba makao makuu ya nchi ni hapa tulipo, nao wakatazama dirishani.

Lakini mji haukukaa kitako. Jambo hili watu waliokuwa wakitucheka hawakuliona. Viwanja vilipimwa, kimoja kimoja. Barabara zilichongwa kwenda mahali ambapo hapakuwa na nyumba. Chama kilileta makao yake makuu. Bunge lilihamia hapa mwaka 1996, na ukumbi wake mpya ukafunguliwa 2006. Mwaka 2007 kikaanza Chuo Kikuu. Kwa hiyo Julai 2016 Rais John Magufuli aliposema serikali inahama kweli, palikuwa na mahali pa kuhamia. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Septemba mwaka huo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Katikati ya hapo, tarehe 26 Aprili 2018, tukatangaziwa kuwa jiji. Miaka 10 ilikuwa imegeuka 46. Nyerere hakuyaona hayo. Sir George Kahama aliuona mwanzo wake tu: alifariki Machi 2017, miezi sita baada ya Waziri Mkuu kuhamia.

Huwa nafikiri juu ya Kahama. Alipoanza kazi hiyo alikuwa na miaka 43.

Nami nilikuwa na miaka 43 nilipopata kiwanja Nkuhungu, mwaka 1994, mwaka ule ule niliofanywa mwalimu mkuu. Nkuhungu ya wakati huo ilikuwa vichaka na mashamba ya uwele, na ukitoka mjini jioni uliwahi kufika kabla ya giza kwa sababu ya fisi. Wenzangu walinishauri nikajenge kijijini. Nilikataa, maana nilitaka watoto wawe karibu na shule za sekondari, na nilitaka nikistaafu niwe karibu na hospitali. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote wa uzeeni: shule na hospitali.

Ardhi yote ya makao makuu ilikuwa chini ya CDA, na hati iliyotupa sisi wananchi ilikuwa ya miaka 33. Mahali pengine nchini mtu hupata hati ya miaka 99. Niliisoma ile karatasi chini ya kibatari, nikajumlisha. Mimi na 33 ni 76. Hati ingekwisha mwaka 2027, na kama Mungu angenipa umri wa baba yangu, ingekwisha mwaka mmoja baada yangu. Mke wangu aliniuliza nahesabu nini. Nilimwambia nahesabu matofali.

Kwa mshahara wa mwalimu, nyumba hujengwa kama kamusi inavyoandikwa. Mwaka 1996 tulimaliza banda la uani, vyumba viwili vya mabati ya mitumba, tukahamia humo na watoto wanne. Huo ndio utaratibu wa wengi wetu: unaanza nyuma, unaishi humo, huku unajenga nyumba kubwa mbele. Msingi wa nyumba kubwa ulichimbwa 1999. Lenta ikafungwa 2003. Mwaka 2006 tukapaua. Kati ya hatua na hatua palikuwa na ada za watoto, msiba wa baba, na mwaka mmoja ambao hatukuongeza hata tofali moja. Mke wangu aliuza karanga na ufuta sokoni, na katika daftari langu fedha yake imeandikwa kwa wino mwekundu ili isichanganyike na yangu. Nyumba ile ni nyekundu kuliko inavyoonekana.

Nyuma ya banda nilipanda mizabibu sita. Zabibu za Dodoma zina historia yake: zilianza kwa mapadri wa Bihawana, zikaenea, na hapa kwetu mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, jambo linalowashangaza watu wa Ulaya. Lakini hauzai vizuri kabla ya mwaka wa tatu, na ukiuonea huruma usiukate matawi, unakupa majani. Mizabibu hiyo ilinifundisha kuwa na mkasi.

Nilipostaafu, mafao yangu yalichelewa miezi saba. Katika jalada langu tarehe ya kuajiriwa ilikuwa imeandikwa kwa namna mbili, na ofisi iliyohusika ilihitaji kuthibitisha ipi ni ya kweli kwa barua kutoka ofisi nyingine, ambayo nayo ilitaka barua kutoka ya kwanza. Nilikuwa na wenzangu waliokwenda kukaa kwenye benchi la ofisi hiyo kila siku. Niliona wanavyozeeka pale. Mimi nilijiwekea siku moja kwa mwezi, Jumanne ya pili. Nilivaa vizuri, nilibeba nakala zangu kwenye bahasha, nikauliza, nikaandika jibu pamoja na tarehe, nikaondoka. Siku nyingine zote hazikuwa za ofisi hiyo. Sijui kama njia yangu iliharakisha chochote, nadhani haikuharakisha. Ila ile miezi saba ilibaki yangu.

Kilichonishinda zaidi ni kengele. Niliamka saa 11 alfajiri nikiwa na haraka ya kwenda mahali ambapo sitakiwi. Nilianza kukagua nyumba. Nilikagua ndoo za maji, nilikagua jiko, nilimwuliza mke wangu kwa nini mboga inachumwa kabla ya moto kuwashwa. Alinivumilia kwa wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja akaniletea chai na kusema kwa upole, "Mwalimu, hapa nyumbani hakuna zamu." Siku hiyo nilichukua mkasi nikaenda kwenye mizabibu, na huko ndiko ninakopatikana hadi leo nikitafutwa.

Mwezi Mei 2017 CDA ilivunjwa na kazi zake zikapewa halmashauri ya manispaa, na ikaamuliwa kwamba hati za miaka 33 ziwe za miaka 99. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Kwa miaka 23 nilikuwa nimeishi na hesabu ya 76 kichwani, nikipanga kila kitu ndani ya ukuta huo, halafu ukuta ukaondolewa kwa saini moja. Nilipeleka maombi, nikalipa nilichotakiwa, nikarudia Jumanne zangu. Wakati huo madalali walikuwa wakipita Nkuhungu mtaa kwa mtaa, maana watumishi wa serikali walikuwa wanashuka mjini kwa maelfu wanatafuta pa kulala. Jirani zangu wawili waliuza. Mmoja alinunua pikipiki tatu za biashara na shamba. Mambo yake ni mazuri, na sina la kumwambia. Mwingine sijui aliko.

Sisi hatukuuza. Lakini pensheni ya mwalimu ni ile ile na bei za vitu si zile zile, na nyumba yenye vyumba vinne ilikuwa na wazee wawili tu, watoto wakiwa wametawanyika. Ndipo mwaka 2022 nikamwambia mke wangu wazo langu: tupangishe nyumba kubwa kwa familia ya mtumishi, sisi turudi kwenye banda la uani. Kodi ingetutosha dawa, chakula na nauli. Macho yangu yanapungua, magoti yake yanamsumbua. Banda halina ngazi. Kwa hesabu, lilikuwa jambo zuri kabisa.

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Miaka kumi nimelala mle na watoto wanne, mvua ikinyesha nahamisha godoro. Umenijengea nyumba, sasa unanirudisha nilikotoka."

Nilikuwa na majibu. Mwalimu mkuu hakosi majibu. Ningeweza kumwonyesha daftari, ningeweza kuwaita watoto wakae kikao, na watoto wangekuwa upande wangu kwa sababu wao ndio wanaotuma fedha. Kilichonizuia ni Kondoa. Nilimkumbuka yule mzee aliyetembea siku mbili kwenda kuona ng'ombe wake. Subira ya ile nyumba, miaka yote ile ya kungoja lenta na bati, ni nani aliyeilipa? Daftari langu lenyewe lilikuwa limejaa wino mwekundu.

Kwa hiyo niliacha kulisema. Nilichofanya ni kulitengeneza banda, kwa kasi ya pensheni. Nilibadilisha mabati yote. Nilimwaga sakafu mpya ya saruji, nikaongeza dirisha upande wa mizabibu, nikajenga choo cha ndani, maana mtu wa umri wetu hatakiwi kutembea uani usiku wa manane. Sikumwambia ni kwa ajili ya nani. Yeye naye hakuuliza, ila siku ya kumwaga sakafu alitoka akasimama mlangoni, akamwambia fundi kwamba upande wa kushoto umebonyea. Ulikuwa umebonyea kweli.

Julai 2024 treni ya umeme ilianza kufika hapa kutoka Dar es Salaam. Safari ambayo mimi niliisafiri usiku kucha, nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, sasa huchukua chini ya saa nne, na binti yetu mdogo amezoea kuja Ijumaa na kurudi Jumapili pamoja na watoto wake. Naamini wajukuu walifanya kazi ambayo daftari langu lisingeifanya. Walikimbilia banda. Wakasema kule ndiko wanataka kulala, karibu na zabibu.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, mke wangu alinipa masharti yake bila mimi kugusia jambo lolote. Mpangaji awe na watoto, siyo kijana mmoja na redio yake. Chumba kimoja cha nyumba kubwa kibaki chetu kwa ajili ya wageni. Mizabibu isiguswe na mpangaji. Na kitanda chake cha mninga, alichonunua kwa fedha za ufuta mwaka 2007, kiende naye.

Kitanda hakipiti kwenye mlango wa banda. Tumepima mara tatu, kwa marefu na kwa ubavu. Imebidi kuvunja ukuta kidogo na kuweka fremu pana zaidi. Fundi alisema ni kazi ya siku mbili. Leo ni siku ya tisa, mchanga uko uani, na mke wangu amekaa kwenye kiti kando ya lile tundu akipima mapazia.